Wegesa Nyamhanga, Kaimu Balozi, na Nyumba Yake

Baba Padre, wazee wa ukoo, majirani wa Buhemba na ninyi nyote mliotoka Musoma na Bunda, kaeni vizuri, kwa sababu historia hii ni ndefu kuliko ile iliyoandaliwa kwanza na kamati ya mazishi, ile ilikuwa na mistari tisa, na ndani yake yalikuwamo mambo mawili yasiyopita hivi hivi: kwamba marehemu hakuolewa, na kwamba hakujaliwa watoto. La kwanza ni kweli, hakuolewa, alioa. La pili mnasomewa hapa na mtoto wake wa kwanza, Wankyo, mwenye macho na masikio kama watu wengine.

Marehemu Wegesa Nyamhanga alizaliwa tarehe 6 Aprili 1930 hapa Buhemba, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Nyamhanga, mfugaji na mkulima wa pamba, na ndiye dada wa mzee Felisiani, mwenyekiti wa kamati yetu. Mwaka 1940 aliingia shule ya misheni karibu na Musoma, si kwamba baba yake alipenda sana shule, bali alichoka, akamwambia mkewe, "Huyu akibaki hapa atanimaliza kwa maswali, mpelekeni akawaulizage mapadre." Mapadre nao waliulizwa hadi mwaka 1947, kisha akaenda chuo cha ualimu, na Januari 1950 akaanza kufundisha Bunda, ambako baadhi ya wanafunzi wake ndio hawa wazee wenye vipara tunaowaona mstari wa mbele, na bado wakisikia jina lake wanakaa wima.

Kuhusu ndoa, marehemu alichumbiwa mara mbili, mchumba wa kwanza alimtaka aache kazi, wa pili alimtaka aache ubishi, naye akaona cha kuacha ni wachumba. Tarehe 12 Agosti 1961, miezi minne kabla ya Uhuru, alipeleka ng'ombe wake mwenyewe kwa wazazi wa Gati, akamwoa kwa desturi yetu ya nyumba ntobhu, ambayo mwanamke asiye na mume humwoa mwanamke mwenzake ili nyumba yake ipate watoto na jina lake lisipotee. Wazee walikula, wakanywa, wakabariki, na baadhi yao wako hapa leo wakijifanya wamesahau. Gati akaizalia nyumba hiyo watoto watatu, Wankyo mwaka 1962, Mwikwabe mwaka 1965 na Nyamburi mwaka 1970, wote wakiitwa kwa jina la Wegesa, shuleni na kanisani.

Mwaka 1964 serikali ilikuwa ikitafuta watu wanaojua kuandika, kuongea na kutochoka, ikamchukua, na tarehe 3 Mei 1965 alikuwa miongoni mwa watu wanne waliofungua ubalozi wetu katika nchi moja ya kaskazini kabisa mwa Ulaya, ambayo yeye hapa nyumbani aliitaga Kule, nasi tukaizoea kwa jina hilo. Ubalozi wenyewe ulikuwa vyumba viwili juu ya duka la viatu, mlingoti haukuwapo, bendera ikatundikwa dirishani, na majirani wa Kule wakaja kuuliza kama ile ni nguo inakaushwa. Balozi wa kwanza, Mheshimiwa Isidori, mtu mwema sana, alishindwa na baridi, kifua kikamrudisha nyumbani Januari 1967, akamwachia Wegesa ofisi, muhuri na koti lake zito, na Wegesa akawa Kaimu Balozi.

Hata mwezi haujaisha likaja Azimio, mali za wakubwa zikataifishwa, wakiwamo wakubwa wa Kule, na Kule wakanuna, wakasema watavunja uhusiano na ubalozi ufungwe. Marehemu akaenda wizarani kwao, akakalishwa kwenye benchi, kesho yake akarudi, akakalishwa tena, akarudi na kitambaa chake cha kufuma, hadi ofisa mmoja akauliza, "Mama, unangoja nini?" naye akajibu, "Nangoja mmalize kukasirika, mimi sina haraka." Walimaliza. Ubalozi haukufungwa, na mwaka uliofuata Kule walitia saini kuleta pampu za visima kwa vijiji vya Bunda, na upande wetu saini ilikuwa ya Wegesa.

Mwaka huo huo wa 1968 Gati alikwenda kumtembelea, na kwa kuwa ubalozi ulipaswa kuandikisha wenzi wa maofisa wake, marehemu akamwandikisha, mke, Gati. Basi wakaalikwa wote wawili karamu ya ikulu ya Kule, Gati akakaa meza ya wake za mabalozi, na bwana mmoja wa itifaki akamwinamia akauliza kupitia mkalimani mume wake ni yupi. Gati akanyoosha kidole. "Yule pale, anayeongeaga sana." Bwana yule akatafuta mwanaume karibu na kile kidole, hakumpata. Wiki iliyofuata wake za mabalozi walimwalika chai, yeye akaenda na kibuyu chake, na mabibi wale wakashinda wakitikisa maziwa kwa zamu, mmoja akimlaumu mwenzake, "Unalala wewe, tikisa!"

Habari zikafika Dar es Salaam kabla ya siagi kutoka. Ikaja telegramu ya neno moja, "Eleza," marehemu akaeleza, kwamba serikali imemweka kushika nafasi ya balozi asiyekuwepo na hakuna aliyeshangaa, yeye naye ameshika nafasi ya mume asiyekuwepo, sasa mshangao unatoka wapi? Wakubwa wakampigia simu, kwa upole, wakamwambia jina lake liko mezani kwa ubalozi kamili, ila amfute Gati kwenye orodha ya wenzi, aandike ndugu. Akauliza jambo moja tu, "Nikimfuta Gati, watoto wangu watakuwa wa nani?" Hakumfuta, na Novemba 1969 akaja Balozi Bernado, ambaye marehemu alimpokea uwanjani akiwa na lile koti mkononi.

Leo ukiingia ubalozi ule utakuta picha za mabalozi ukutani, Isidori, kisha Bernado, na katikati wameandika kwamba nafasi ilikuwa wazi. Wazi! Nafasi iliyokuwa wazi ilikaa kwenye benchi, nafasi iliyokuwa wazi ilitia saini pampu, nafasi iliyokuwa wazi ilitundika bendera kila asubuhi dirishani.

Marehemu alirudi mwaka 1970, akawa mwalimu mkuu Bunda hadi alipostaafu mwaka 1980, akaishi Kamunyonge, pale Musoma, na mkewe, akibishana na redio. Mwaka 1982 figo zilianza kumsumbua, na tarehe 9 Juni 1984 alfajiri alifariki dunia hospitalini Musoma, Gati akiwa amemshika mkono.

Siku mbili ukoo umekaa ukijadili, eti nyumba ya Wegesa ifungwe, ng'ombe wagawanywe, Gati arudi kwao. Jana mchana akafika mgeni kutoka ubalozi wa Kule ulioko Dar es Salaam, akaoneshwa kiti kwa wazee, hakukaa, akauliza kwa Kiswahili chake cha kupinda, "Mke wa marehemu wapi? Mimi nataka kusema pole." Ndipo mzee Felisiani akainuka, akamshika mgeni mkono, akapita naye mbele ya watu wote hadi mlangoni kwa Gati, akasema, "Shemeji, mgeni wako huyu." Gati akajibu, "Asante, shemeji. Amekula?" Neno lile, shemeji, likishasemwa mbele ya ukoo halirudi. Mzee akageukia kamati, "Ile mistari itupeni, Wankyo aandike, si ndiye anayebishaga kama dada?"

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Musoma, majirani wa Kamunyonge na Buhemba, walimu wa Bunda, mgeni wetu wa Kule, na mzee Felisiani kwa neno lake moja. Udongo wa kwanza utatupwa na Gati, mke wa marehemu, akifuatiwa na watoto watatu wa nyumba.

Pumzika sasa, Kaimu Balozi, nafasi yako haikuwa wazi hata siku moja.