Aliyelia Kwenye Daftari Langu

Nani kati yenu ameniwekea jani la sale juu ya daftari langu, akaondoka bila hata kukohoa?

Msitazamane. Elifuraha, weka simu chini. Agnela mkwe wangu, funika hayo maziwa uje ukae. Anande, sogeza kigoda, maana sauti yangu siku hizi haifiki mlangoni. Daktari alinizungukia kwa maneno, mara moyo umepanuka, mara tutaendelea kuangalia, mpaka nikamwambia, mwanangu, sema tu kwamba moyo unazimika. Akainamisha kichwa akasema, ndiyo, mama. Nilimshukuru. Ndiye mtu pekee mwezi huu aliyenijibu swali nililouliza. Basi sikilizeni, wanangu, wakati sauti bado ni yangu.

Jani hilo mnalijua. Kwetu Kibosho nilikozaliwa, na hapa Akheri nilikoolewa, lina maana moja tu: aliyekosa akilileta, aliyekosewa hana njia ya kukataa kusamehe. Watu wameuliana ng'ombe, wamesogezeana mipaka, jani likaletwa, wakakaa wakanywa pombe ya mbege chungu kimoja. Naliheshimu. Kwa hiyo nimesamehe, hilo limekwisha. Lakini nimesamehe nini, na nimemsamehe nani? Aliyeleta sale zamani alilishika mkononi, akasimama uani mchana kweupe, akasema mimi fulani nimefanya kadha. Hili limeachwa mezani kama risiti ya duka, nami sina nia ya kufa nikiwa nimeisamehe hewa.

Nitalirudia hilo. Kwanza niwaambie habari ya daftari lenyewe, maana kati ya vyote ninavyowaachia ndicho kitu pekee ambacho hamtaweza kukigombania.

Mmeniona tangu mkiwa wadogo, kila alfajiri, kabla sijamsalimia mtu, nimekaa kwenye meza ya dirishani naandika. Hamkuwahi kuuliza. Mlidhani nasahihisha mitihani. Nilianza nikiwa mwalimu kijana, nimetoka chuo kikuu na maneno tele mdomoni na usingizi hakuna, maana baba yenu Abdiel, Mungu amrehemu, mchana alikuwa mkarimu kwa kata nzima, na taa ikizimwa anafungua mahakama: chumvi ilizidi, ndugu zako wamezidi, mbona ulicheka na mwalimu mkuu. Nikawa naingia darasani kichwa kimejaa kesi za kitandani, nikaogopa zitawaangukia watoto wa watu. Nikachukua daftari la mazoezi, nikaziandika zote kabla ya chai, nikalifunga, nikaenda kazini. Jioni nilizikuta palepale mezani, lakini zimeshuka, kama maziwa yaliyotolewa motoni. Kesho yake nikaandika tena. Hakuna aliyenifundisha. Siku hizi naona mnafundishana kwenye simu, pamoja na picha ya kikombe cha kahawa na kalamu ya dhahabu. Mimi nilikuwa na biki, na kahawa yetu hatukuinywa, tuliiuza.

Mnamkumbuka Solomoni, jirani wa juu, aliyekuwa akitufungia maji ya mfereji zamu yetu ikifika? Huyo alinijazia kurasa. Nilimwandika yeye, marehemu mama yake na kofia yake. Mwaka wa pili akawa anapata mistari mitatu. Baadaye akawa anapata maneno mawili, Solomoni yuleyule. Halafu alfajiri moja nilimaliza kuandika nikagundua kuwa nimemsahau, na maji alikuwa ameyafunga kama kawaida. Siku hiyo nilimpelekea mkungu wa ndizi. Alishtuka kama ameona polisi. Alisema, mwalimu, kuna nini? Nikamwambia, hakuna kitu, Solomoni, umenichosha tu. Tangu hapo maji yanashuka. Mfereji ule msiuharibu, na mtoto wake Fanuel akija matangani kwangu mpeni kiti kizuri.

Kwa hiyo shikeni neno hili. Andikeni kila siku, hata mistari mitatu, kabla ulimwengu haujawawahi. Andikeni vibaya, andikeni kwa hasira, andikeni na tumbo linauma, ila msiandike kama mnaotarajia mgeni. Kwenye simu msiandike, simu ina wageni ndani yake saa zote. Na mkifika mwisho wa ukurasa tafuteni kitu kimoja cha kushukuru, kiwe kidogo, kiwe na jina. Msiniandikie namshukuru Mungu kwa yote. Yote ni nini? Huko ni kumfanyia Mungu uvivu. Mimi nimeshukuru kwa mvua iliyopiga upande wetu peke yake, kwa kitasa kilichokubali kufunga, kwa mahubiri yaliyokatishwa na kukatika umeme. Mkiruka siku, msijitie hukumuni, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, mnaanza tena kesho. Huo ndio utulivu wangu wote mliokuwa mkiusifia mbele za watu. Si upole. Mpole sikuwa. Nilikuwa nimeshagombana na kila mtu kabla hamjaamka.

Nipe maji, Agnela. Kidogo. Asante.

Kisha macho yakaja kuingia ukungu. Mtoto wa jicho, yote mawili. Ikawa naona mwanga wa dirisha bila kuona dirisha. Nikasema siwezi kuacha, basi nikawa nasema mimi, mnaandika ninyi watatu, kwa zamu, na hilo ninawashukuru mpaka kaburini, maana kuamka alfajiri ya Meru mwezi wa saba, kwa baridi ile, ili umwandikie kizee malalamiko yake, si upendo wa maneno. Mwaka huu nikapasuliwa macho, nikaona tena. Mtu mwingine angetazama kwanza mlima. Mimi nilitazama daftari.

Nikasoma zamu zenu. Elifuraha, mwanangu, nilicheka mpaka nikashika kifua. Mimi nazungumza kurasa mbili, wewe unaandika, mama ameamka salama, amesema mengi. Unaandika kama unavyowajibu wateja pale dukani kwako mtaa wa Sakina, spea ipo, spea haipo. Agnela wewe uliandika kila kitu. Niliposema mkwe wangu anapika maharage magumu kama kokoto, umeandika, mkwe wangu anapika maharage magumu kama kokoto, na chini yake, hapa mama amekohoa. Umelelewa kwenye gulio la Ngaramtoni, ambako ukisema ng'ombe ana miguu mitatu unaulizwa wa nne uko wapi, na malezi hayo nimeyaona. Madaftari yangu yote ni yako. Usiyachome, usiyasome matangani, usimpe mchungaji. Soma ukipenda. Umeshathibitisha kuwa unaweza kunivumilia.

Lakini katika zamu ya tatu nilimkuta mwanamke nisiyemfahamu.

Baba yenu alikufa nikiwa bado sioni. Matanga yakaisha, watu wakaondoka na masufuria yao, na alfajiri iliyofuata nikasema neno ambalo sikuwahi kulisema. Nilisema: nimelala. Nimelala mpaka jua likanigusa mguu, na hakuna aliyeniuliza kitu gizani. Nimeona aibu, halafu nikaona raha. Leo nashukuru kwa usingizi. Hivyo ndivyo nilivyosema. Daftarini nikakuta, leo nimeamka nalia, nyumba ni tupu bila mpenzi wangu. Kesho yake analia tena. Ameona koti la mumewe nyuma ya mlango, amelia. Ameona viatu vyake vya kanisani, amelia. Wiki nzima, mwezi mzima, mwanamke mpole, mcha Mungu, machozi mtindo mmoja. Mimi koti sikuliona. Mimi hata mlango wenyewe nilikuwa sioni.

Nikauliza siku ile mezani, kwenye chai, nani huyu analia humu? Wote mkasifia mkate. Asubuhi ya leo ndipo nimekuta jani.

Mwandiko ninaujua. Nimesahihisha miandiko maisha yangu yote. Jina silitaji, kwa sababu nikilitaja mimi litakuwa shtaka, na akilitaja mwenyewe ndipo litakuwa neno. Na msidhani nina kinyongo na kilichoandikwa. Kinachoniuma ni hiki: mtu aliyekaa pembeni yangu alfajiri baada ya alfajiri, akayasikia yangu, asiseme yake. Mficha uchi hazai. Nikiondoka hajasema, atakaa kimya na watoto wake, na watoto wake watakaa kimya naye, na mtajaza nyumba hii heshima mpaka pasiwe na pa kupumulia.

Baba yenu nilimpenda. Andikeni hilo pia. Alinibeba mgongoni kwenye tope la masika mpaka barabarani siku ya kumzaa Anande, huku akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya kutisha ili nisimsikie akiogopa. Nilimpenda, na nilichoka naye, na mara nyingi yote mawili yalikuwa siku moja. Anayetaka kumlilia ana haki. Ila asimlilie kwa macho yangu, macho yangu yalikuwa kwenye ukungu.

Haya. Shamba lisikatwe vipande vya leso. Kahawa na migomba Elifuraha alime, na Anande ale humo bila kuomba ruhusa. Kiwanja cha kule mtaa wa Sakina ni cha Anande. Ng'ombe mweusi ni wa Agnela, wanaelewana. Nyumba ni ya yeyote atakayerudi amechoka. Sidaiwi na mtu, isipokuwa shukrani, na hizo nazilipa sasa: nimekula vizuri, nimefundisha, nimegombana na watu wenye akili, nimeuona mlima mara ya pili nilipokuwa nimeshauaga. Wachache wamepewa hayo.

Niinueni kidogo. Hapo. Hapo panatosha.

Siku ya mazishi, msomaji wa historia ya marehemu... asiseme nilikuwa mpole. Akisema, Elifuraha, wewe kohoa. Ifupishwe. Watu wana mashamba.

Njoo, Elifuraha. Inama. Nakutemea mate ya baraka, usijifute kama watu wa mjini. Mkono wako ufungue vilivyokwama. Usingizi wako uwe mzito. Agnela... njoo. Ulichonisikia ukakiandika, Mungu akusikie hivyohivyo. Maharage, siku hizi, ni laini.

Nimebakiwa na pumzi. Si nyingi. Baraka ya tatu ninayo mdomoni... siwezi kuitemea kwenye jani. Nataka uso. Sina haraka, ila... huu moyo unayo. Msimhimize. Nyamazeni wote. Nami nanyamaza.

— Mama.

— Naam.

— Ni mimi, mama. Ulisema umelala, nikaandika umelia. Ulisema hivyo kila siku, nami kila siku nikaandika machozi. Wewe hukulia hata mara moja. Niliyekuwa nalia ni mimi.