Mwalimu Tupokigwe, Mkazi wa Boko

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni tukae matanga. Leo tunamkumbuka Mwalimu Tupokigwe Mwakalobo, mkazi wa Boko. Narudia: mkazi wa Boko. Mtajua kwa nini nakazania.

Alifundisha Kiswahili shule ya msingi mpaka alipostaafu, akajenga Boko. Saa mbili usiku sebule yake ilijaa majirani, maana taarifa ya habari kwake ilikuwa darasa. Rimoti mkononi, kituo hiki, kituo kile. "Huyu kahojiwa. Mwenzake je?" Lo, alikuwa na mdomo yule mama! Jirani yake Mudathir, fundi cherehani, alimtania, "Mwalimu, hata tivii unaisahihisha kwa kalamu nyekundu?"

Mwaka jana tivii ilionyesha nyumba zikibomolewa Kipawa. Mtangazaji akasema, "Wavamizi waondolewa." Mudathir akadakia, "Wabomolewe tu, wavamizi hao!" Mwalimu akamkata jicho. "Umewajuaje? Kahojiwa mtu mmoja tu, yule anayedai kiwanja ni chake. Wao hawana midomo?"

Kesho yake alikwenda Kipawa mwenyewe. Watu wale walikuwa wamenunua viwanja vyao, na serikali ya mtaa ilishuhudia. "Ni wakazi," aliwaambia majirani aliporudi. Wakamcheka.

Jumatatu wiki hii, wasikilizaji, tingatinga likaja Boko. Hata huku yupo aliyedai viwanja ni vyake, na kesi ilikuwa bado mahakamani. Mwalimu alisimama uani kwake, akiomba wamsubiri hakimu. Hawakusubiri. Ukuta wa sebule ulianguka, presha ikampanda, naye akaanguka. Hakufika hospitali.

Jioni ile tivii ikatangaza: "Mvamizi mmoja afariki dunia Boko." Basi. Jina hawakumpa. Jirani hata mmoja hakuhojiwa. Inaniuma, sifichi.

Jana nilimkuta Mudathir msibani, macho mekundu. "Mie nilidhani wavamizi ni watu wa Kipawa," aliniambia. "Kumbe na sie tumo."

Binti wa marehemu, Bupe, alinishika mkono nikiaga. "Kaka, nyumba imekwenda. Jina la mama lisiende."

Bupe, na ukoo wote, poleni sana. Nanyi mnaosikiliza, tivii ikiwabandika watu jina leo, ulizeni nani hakuhojiwa. Hata redio hii iulizeni.

Sasa tangazo, kama familia ilivyoagiza. Familia ya Mwakalobo inasikitika kutangaza kifo cha mama yao, Mwalimu Tupokigwe, aliyekuwa mkazi wa Boko. Mazishi ni kesho saa tisa alasiri. Msiba hauko kwa marehemu, kwa marehemu hakuna nyumba. Upo kwa fundi Mudathir, nyumba ya pili, yenye alama ya X nyekundu ukutani. Wahini. Bado imesimama.