Rubani wa Maziwa Machungu

Wasikilizaji wapendwa, Jumanne alfajiri Wagdi Sharabi alifariki nyumbani kwake hapa Ismailia. Alikuwa rubani. Si wa ndege. Rubani wa meli, aliyeziongoza katika Mfereji wa Suez kwa miaka thelathini na moja.

Turudi Septemba 1956. Misri ilikuwa imeutaifisha mfereji Julai, na Waingereza na Wafaransa waliokuwa wakiumiliki wamefura kwa hasira. Marubani wa kigeni wakafungasha, wakaondoka karibu wote kwa siku moja. Huko London walingoja meli moja tu ikwame, wapate kusema: mnaona, hawawezi.

Asubuhi iliyofuata, Wagdi alikuwa hajalala siku mbili. Mkewe, Bi Inshirah, alimfungia mkate na maharage.

"Macho mekundu kama pilipili! Ukiikwamisha hiyo meli, usirudi kwangu."

"Nitakwenda kwa mama yako. Yeye ananipenda."

Meli yenyewe ilikuwa ya Kiingereza. Kwenye Maziwa Machungu, yale maziwa ya maji ya chumvi ambayo mfereji hupita kati yake, ukungu ulishuka, maji na mchanga vikawa rangi moja. Wagdi alihisi meli inaelea hewani, naye hajui kama yu macho au anaota.

"Unaona kitu?" nahodha Mwingereza akauliza.

"Sioni."

"Sasa unaongozaje?"

"Polepole, Nahodha. Polepole sana."

Akahesabu dakika kimoyomoyo. Kisha boya likachomoza upande wa kulia, pale pale alipolitarajia. Nahodha akashusha pumzi, akammiminia chai kwa mkono wake.

"Tuliambiwa ninyi Wamisri hamtadumu hata hadi adhuhuri," akasema.

Lakini Novemba zilikuja ndege za vita za Waingereza na Wafaransa. Port Said, mlangoni mwa mfereji, iliungua, na dada yake Wagdi, Saadiya, akafia humo. Waingereza waliuteka mji, wasiweze kuushika. Pauni yao ilikuwa inaporomoka, petroli imeadimika kwao, na Marekani imekataa kuwaokoa. Desemba wakaondoka.

Wagdi alikwenda kuwatazama wakipanda meli. Binti yake, Nagwa, anasema: "Baba alikwenda na hasira ya kifo cha shangazi. Aliporudi alituambia, 'Nilidhani nitaiona dola kubwa ikiondoka. Nimeona vijana wanaotetemeka kwa baridi, wanataka kwao.'"

Bi Inshirah, Nagwa, na ukoo wote wa Sharabi, poleni sana. Mungu amrehemu.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, leo mkipita ukingoni mwa mfereji, simameni kidogo. Itazameni meli ya kwanza itakayopita taratibu kati ya mchanga na mchanga. Mjiulize ni nani aliyesimama kule juu, na ni nani aliyesema hataweza.