Kichwa cha Nouri Husema Ndiyo

Benchi la mkahawa wa Laroussi, Sfaksi, Tunisia, limeegemea ukuta wa mji mkongwe, na kila asubuhi hukaliwa na wazee walewale, kwa majina yao ya utani: Redio, Hakimu na Sukari Tatu. Mwishoni mwa benchi hukaa Nouri, seremala kiziwi ambaye hakupelekwa shule yoyote. Ishara zake alizitunga na mama yake nyumbani. Tangu mama afariki, siku arobaini sasa, hajashika randa. Klinikini aliulizwa maswali kumi na matatu kwa ishara za shuleni asizozijua, akaitikia kwa kichwa yote: anasikia sauti, anataka kufa. Jumatatu alazwe wodi ya wagonjwa wa akili, isipokuwa kama mimi, mwanafunzi wa saikolojia, nitaandika vinginevyo. Nilifika benchini na faili.

— Kiziwi asikie sauti? — alianza Sukari Tatu.

— Za mnara wa simu, — alisema Redio. — Seremala hubana misumari mdomoni. Mawimbi yanaingilia hapo.

— Basi mafundi wote wa mtaa huu wangekuwa wanasoma taarifa ya habari, — alijibu Sukari Tatu.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, — alisema Hakimu.

— Guu lake ni zima, mzee. Ongea mengine.

— Basi ni jini la mzeituni, — alisema Hakimu. — Kitanda alichomchongea mama yake kilikuwa cha mzeituni.

— Jini hilo nalo lina mtandao?

Niliuliza kama Nouri huitikia hivyo siku zote.

— Binti, juzi nilimuuliza kama yeye ni ngamia, — alisema Hakimu. — Akakubali. Ukimkubalia mtu, anakuacha.

— Kwa ishara zake, Nouri humwitaje mama yake? — niliuliza.

Miaka ishirini wamekaa naye, na ishara hiyo hawakuijua. Mama ndiye aliyekuwa akiwatafsiria.

Nyuma ya fomu nilichora watu wawili mezani. Nouri alinipokonya penseli, akamtia mmoja mstari kidevuni: chale ya marehemu mama yake, Mannoubia. Nikachora kaburi, Mannoubia ndani, mwanawe amelala kando yake. Nikamtazama usoni.

Akatikisa kichwa: hapana. Akamfuta mwanamume kaburini, akamchora tena mezani, peke yake, mikono mapajani.

— Kahawa imekwisha, — alisema Laroussi.

Hakuna aliyeinuka. Hakimu alimgeukia Nouri na, polepole, akapitisha kidole kwenye kidevu chake mwenyewe, kama mstari ule: mama.