Twahiru wa Kitaya na Uongo Aliozushiwa Mama Yake

Wasikilizaji wapendwa, leo nina hasira, na sitaificha. Tunamkumbuka Twahiru Thabiti wa Kitaya. Aliishi miezi saba. Miezi saba tu, na muda wote huo mama yake aliitwa mchawi.

Twahiru alizaliwa mlegevu. Kunyonya hakuweza. Mama yake, Halima, alikamua maziwa kikombeni akamnywesha kwa kijiko. Mtoto hakugeukia sauti. Macho yake hayakufuata taa. Lakini ukimpulizia kiganjani, alikunja vidole, akatulia.

Dada yake, Aisha, alifariki vivyo hivyo miaka miwili kabla. Basi maneno yakaanza. Majirani wakaacha kula chakula cha Halima. Wifi yake, Tabu, alisimama uani akapaza sauti: "Wa kwanza kammaliza, sasa anammaliza wa pili!"

Halima aliniambia: "Nilimsikia, nikaendelea kumnywesha mtoto."

Hospitali walichukua damu ya mtoto na ya wazazi, ikapelekwa kupimwa mbali. Majibu yalirudi siku ishirini baada ya maziko. Maziko ambapo wanawake wanne tu walikuja kukaa na Halima. Wanne, Kitaya nzima!

Sasa sikilizeni daktari alivyowaeleza wazazi. Ndani ya seli za mwili kuna vifuko vidogo mno, viitwavyo peroksisomu. Humo huvunjwa aina fulani za mafuta. Protini za kazi hiyo hutengenezwa nje ya kifuko. Kila moja ina alama yake. Protini nyingine huitambua alama hiyo, humbeba mwenye alama na kumwingiza ndani. Kwa Twahiru, mahali pa kuingilia palikuwa na kasoro. Protini zilitengenezwa, zikabaki nje. Mafuta yakarundikana, yakaharibu ubongo na ini. Dawa ya kuponya haipo. Uchawi uko wapi hapo?

Ijumaa, baada ya sala, Thabiti, baba wa mtoto, alisimama msikitini na karatasi ya majibu. "Kasoro hii mtoto kaipata kwa mama yake na kwangu mimi. Sote wawili. Hatukujua tunayo. Mkitafuta mchawi, anzeni na mimi."

Watu waliinamia mikeka.

Jioni Tabu alikwenda kuomba radhi, kwa kunong'ona. Halima akamwambia: "Wifi, ulinitukana uani, watu wakisikia. Nenda uani ukayafute, watu wasikie."

Hadi leo Tabu hajaenda.

Halima, Thabiti, poleni sana. Mwenyezi Mungu awape subira. Nawe unayenisikiliza, kama ulikataa chakula cha mama huyu, jiulize ulimwacha na nani siku ile alipomzika mwanawe. Halima yupo nyumbani kwake. Nenda leo ukamwombe radhi. Na useme kwa sauti.