Mwalimu Nukta, Aliyekataa Kujaza Matundu

Ndugu, majirani na walimu mliofika kumsindikiza binti yetu, familia imeniomba mimi mama yake niwasomee maisha yake, kwa kuwa ndiye niliyekuwepo tangu siku ya kwanza, na naomba mnivumilie sauti, imekauka.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1972 katika wodi ya wazazi ya hospitali ya serikali, mtoto wa tatu kati ya wanne, na alianza kuuliza maswali kabla hajamaliza kuota meno. Alianza shule ya msingi mwaka 1979, akaingia sekondari mwaka 1986, na huko maktabani akakuta kitabu cha mashairi ya Wagiriki na Warumi wa kale kilichochanika ukurasa mmoja, akaja kunisumbua jikoni, eti ukurasa ule ulisema nini, nami nikamwambia kwanza aoshe masufuria.

Alimaliza chuo kikuu mwaka 1996, akafundisha sekondari ya wasichana hadi Juni 1999. Kutoka hapo hadi Agosti 2001 nitapaeleza mwishoni, maana ndipo palipotufanya tubishane jana kwenye kikao cha familia.

Mwaka 2002 alirudi chuoni kusoma Kigiriki na Kilatini, akapata shahada ya uzamivu mwaka 2009, akafundisha hapo hapo hadi alipougua. Kazi yake, kama nilivyoielewa mimi niliyeishia kidato cha nne, ilikuwa kusoma mashairi yaliyoandikwa kwenye karatasi za mafunjo zilizofukuliwa kwenye majalala ya kale, nyingine zimeliwa na wadudu katikati ya mstari. Lipo shairi moja ambamo mama anamwita mwanawe, halafu karatasi imetoboka, wataalamu wa zamani wakajaza hapo “usilie,” na watu wote wakalisoma hivyo, yeye akaliondoa neno hilo na kuweka nukta, akagombana na profesa wake miaka mingi, kwa sababu mama yule huenda alisema “amka,” au “njoo ule,” au “kisu changu umekiweka wapi.” Alipowasomea wanafunzi na kufika penye tundu, aliinua kiganja, akanyamaza kidogo, kisha akaendelea, ndiyo maana wakamwita Mwalimu Nukta. Nilimuuliza, “Sasa wewe unadhani alisema nini?” akacheka, “Mama, natamani kujua hadi nakosa usingizi, lakini siwezi kumlisha mama wa watu maneno.”

Alifunga ndoa tarehe 18 Septemba 2004 na fundi wa friji, mtu mpole aliyezoea kusogeza kamusi ndipo apate pa kuweka sahani, wakajaliwa binti mmoja mwaka 2006.

Aligundulika kuwa na saratani ya kongosho Oktoba 2022, akatibiwa, akapata nafuu, akazidiwa tena, na akafariki asubuhi ya tarehe 9 Mei 2023 nikiwa nimemshika mguu, kwa kuwa mikono yote ilikuwa na sindano.

Sasa narudi kwenye ile miaka. Juni 1999 aliacha kazi akaondoka, na Agosti 2001 akaingia kwa mlango wa nyuma, amekonda, amenyoa nywele, ana furaha tele, akasema, “Shikamoo Mama, kuna chai?” na hakuwahi kueleza alikokuwa, hata kwa mumewe. Jana shangazi yake aliniambia, “Wifi, andika alikuwa masomoni, nani atakuja kupekua?” mjomba wake akaona afadhali tuseme aliumwa, na kila mmoja alikuwa na jibu lake zuri. Hakuna hapa anayetaka kujua kunizidi mimi, lakini nikijaza neno leo, mjukuu wangu atalishika kama kweli, na mama yake hayupo tena wa kuliondoa. Kwa hiyo kwenye karatasi yangu nimeweka nukta, na hapa nainua kiganja, tunyamaze kidogo.

Ahsanteni. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliotujibu ukweli kila tulipouliza, majirani mliotupikia na kutuazima viti, na walimu wenzake, pamoja na profesa yule mgomvi, aliyeketi mstari wa mbele, ambaye ameahidi kwamba kitabu cha mashairi hayo alichokiacha binti yetu kitachapishwa kikiwa na nukta zake zote.

Pumzika, mwanangu, kwa amani yako mwenyewe. Hatutakulisha maneno.