Mwalimu Boaz Lushinge na Darasa la Nyarugusu

Ndugu waombolezaji, tunayemsindikiza leo, Mwalimu Boaz Lushinge Nkwabi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 karibu na Maganzo, mtoto wa mzee Nkwabi, mfugaji, na mama Lusia.

Alisoma shule ya msingi kijijini, sekondari mjini Shinyanga, kisha Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza. Tangu 1980 hadi alipostaafu mwaka 2017 alifundisha Kiingereza katika sekondari za mkoa huu. Wengi mliopo mnakumbuka somo lake la vitenzi: kwa nini tunasema “I enjoy reading” lakini “I want to read”. Hakupenda watoto wakariri. Alisema Kiswahili kinatosheka na “kusoma” kote kuwili, ndiyo maana tunakosea, na kukosea kwa namna hiyo si ujinga. Kila kitenzi alikifundisha kwa kumuuliza mwanafunzi habari za maisha yake mwenyewe.

Alifunga ndoa na Mwalimu Rhoda tarehe 18 Agosti 1984, Ngokolo, mjini Shinyanga. Mungu aliwajalia Esta na George.

Mwaka 2018 alikwenda Nyarugusu, Geita. Familia inapenda jambo hili lieleweke leo. Ilisemwa mtaani, hata kanisani, kwamba amekwenda kusaka dhahabu uzeeni, na kwamba amefungua nyumba nyingine huko kwa mwanamke mwingine. Ukweli ni kwamba aliitwa na Abel, mchimbaji mdogo aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, awafundishe vijana waliokuwa wakishindwa usaili wa Kiingereza katika migodi mikubwa. Mwalimu Rhoda alibaki nyumbani akimuuguza mama yake mzazi. Marehemu hakubishana na mtu. “Ninafundisha,” alisema, basi.

Wanafunzi wake wanasimulia kwamba siku moja alimuuliza kijana Maduhu, “Unafurahia nini?”

“Kulala, Mwalimu!”

“Na sasa hivi unataka nini?”

“Kulala tena!”

“Huyo hata shimoni analala!” wenzake walipiga kelele. Mwalimu alicheka nao, kisha akamtaka aseme yote mawili kwa Kiingereza. “I enjoy sleeping. I want to sleep,” akasema Maduhu, bila kukosea. Leo ana ajira.

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua, akarudi nyumbani. Alifariki tarehe 6 Februari 2025, mkewe akiwa amemshika mkono.

Jana asubuhi wachimbaji walifika msibani na sururu zao. Vijana wa mtaa waliwaambia kaburi ni kazi ya majirani. “Kuchimba ndiyo kazi yetu, ndugu zangu,” alijibu Abel. “Huyu tuachieni sisi.”

Ndipo Rebeka, dada wa marehemu, alipomuuliza mbele ya wazee: “Sema kweli hapa. Kaka yangu alikuwa akikaa na nani huko?”

“Na mimi, shangazi. Chumba kimoja, vitanda viwili, ubao katikati. Akikoroma naugonga.”

Watu walicheka na kulia. Rebeka, ambaye tangu matanga yaanze alikuwa ameketi mbali na wifi yake kwa sababu ya maneno hayo ya mtaani, alinyanyuka akaenda kukaa kwenye mkeka wa mjane. Hajaondoka hapo mpaka sasa.

Mwalimu Boaz ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu wanne, dada yake Rebeka, na wanafunzi wake wa madarasani na wa machimboni. Mungu ampokee, na jina lake lilale safi pamoja naye.